Nyusi za Mama

Mama yangu amekuwa akijichora nyusi kwa penseli tangu 2019. Naukumbuka mwaka kwa sababu ndio niliacha chuo nikarudi nyumbani Umoja, tukaanza tena kugawana bafu, sabuni na kioo kimoja. Ukigawana kioo na mtu utajua mambo yake mengi, hata yale hajakuambia. Nilijua penseli yake ni ya kahawia, ya shilingi hamsini. Nilijua amenunua kibano kidogo cha kung'oa nywele za kidevuni na anakificha ndani ya kopo la Vaseline lililoisha. Nilijua anakaa pale mbele dakika ishirini kila asubuhi kabla ya kwenda kufungua kibanda chake cha nafaka Mutindwa, na kwamba lazima atoke na wigi au kitambaa kichwani, hata jua liwake namna gani.

Nyusi zilianza kwisha upande wa nje. Zikabaki vipande viwili karibu na pua, halafu navyo vikaenda. Baadaye nywele za mbele zikaanza kurudi nyuma, polepole, kama maji ya bwawa wakati wa kiangazi. Ngozi iliyobaki wazi ilikuwa laini na inang'aa kidogo, rangi yake tofauti na ya paji la uso la zamani. Pia alikuwa na mabaka meusi mashavuni na karibu na masikio. Hayo yalitangulia hata nyusi, na alikuwa akiyapaka krimu ya kununua sokoni, krimu isiyoandikwa kilichomo.

"Ni kusuka, mami," aliniambia siku niliyothubutu kuuliza. "Tulisukwa tukivutwa hadi macho yanapanda. Sasa nywele zimechoka."

Msusi wake alikubali. Majirani wakakubali. Mimi pia nikakubali, kwani nani hajui kwamba kusuka kunaweza kumaliza nywele za mbele?

Kusema ukweli, sikuanza kusoma historia ya jambo hili ili nimsaidie mtu. Nilikuwa natafuta pesa. Kuna mhariri aliniomba makala kuhusu kukoma kwa hedhi, nikajua nitaandika juu ya joto la ghafla usiku na madirisha yanayoachwa wazi, nilipwe, nilipie intaneti, basi. Lakini kila nilichofungua kilikuwa na mtu anayeutazama mwili wa mwanamke wa umri wa mama yangu na kueleza anachokiona. Na wengi wao waliona kile walichokuja wakikitafuta.

*

Tuanze na neno lenyewe. Mama hulisema kwa Kiingereza, menopozi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni. Kwenye vitabu vya afya utakuta ukomohedhi, lakini sijawahi kumsikia mtu wa Umoja akilitumia hilo. Cucu yangu hakuwa na neno la pekee. Alisema tu, "nilimaliza kuzaa," akaendelea na maharagwe yake.

Hata Wazungu hawakuwa na neno moja hadi juzi. Daktari Mfaransa aliyeitwa Charles-Pierre-Louis de Gardanne ndiye aliyeliunda. Mwaka 1816 alichapisha kitabu akaiita hali hiyo ménespausie. Mwaka 1821 kitabu kikatoka tena na neno fupi zaidi, ménopause, lililotokana na maneno ya Kigiriki ya mwezi na kukoma. Kichwa cha kitabu hicho kiliuita umri huo umri wa hatari.

Wanawake walikuwa wakikoma hedhi tangu zamani za kale. Ila jambo likishapata jina la kitabibu litapata daktari wake, na daktari naye atatafuta dawa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja dawa hiyo kufika, na ikifika tutaiona. Kwanza turudi nyumbani, maana huku kwetu mwili huo huo ulikuwa ukisomwa kwa namna nyingine.

*

Nitasema juu ya Wagikuyu kwa sababu ndio watu wa mama. Angalia picha za kale za wanawake wa Kikuyu walioolewa: vichwa vimenyolewa. Wanawake wa Kimaasai vilevile. Kichwa kisicho na nywele hakikuwa aibu, wala hakuna aliyeweza kujua kama nywele za mama fulani zimepungua au la, maana hazikuachwa ziote. Cucu yangu alinyoa mpaka alipofariki. Alifunga kitambaa kanisani, lakini nyumbani alikaa kichwa wazi, na sisi wajukuu tulipenda kukishika.

Mwanamke ambaye watoto wake walikuwa wametahiriwa alipanda cheo akaitwa nyakinyua. Nyakinyua alikuwa na sauti. Aliweza kusema mambo ambayo mke kijana angeyameza. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, anaeleza sadaka ya kuombea mvua chini ya mti mtakatifu, na kati ya waliohusika kulikuwa na watoto wadogo na wanawake waliopita umri wa kuzaa. Mtoto ambaye bado na mwanamke aliyemaliza waliwekwa pamoja, kwa sababu wote wawili walihesabiwa kuwa safi. Mwili ulioacha damu ya kila mwezi ulikuwa umefunguliwa mlango ambao mwili wa mwanamke kijana haukupita.

Hapo ndipo makala nyingi za aina hii husimama na kulia kwamba tumepoteza. Mimi siwezi. Nguvu aliyopewa mwanamke mzee iligeuka pia kuwa sababu ya kumwogopa, na anayeogopwa anaweza kuuawa. Kule Usukumani, Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi huku ushahidi ukiwa ni macho mekundu, macho ambayo yalipata wekundu wake kwenye moshi wa jikoni. Kilifi wazee wameuawa, na mvi zimekuwa kitu cha kuficha, hata wengine wakazipaka rangi nyeusi ili waishi. Oktoba 2021, Marani kule Kisii, wanawake wanne wa umri mkubwa waliuawa na umati uliowaita wachawi, miili yao ikachomwa. Hiyo ni 2021, wakati mimi na wewe tulikuwa na simu mikononi.

Kwa hivyo sitamwambia mama avue wigi atembee na heshima ya mababu. Heshima hiyo ilikuwepo, lakini iliwezekana kunyang'anywa kwa siku moja, na alama zilizotumika kuinyang'anya zilikuwa hizi hizi za ngozi, macho na nywele.

*

Sasa turudi kwa dawa. Mwaka 1929, Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, walifanikiwa kutenga homoni ya estrojeni kutoka kwenye mkojo wa wanawake wajawazito. Mwaka 1942 kampuni ya Ayerst ilianza kuuza Marekani kidonge kilichoitwa Premarin. Jina hilo limetokana na maneno matatu ya Kiingereza ya mkojo wa farasi jike wenye mimba, kwa sababu hapo ndipo estrojeni yake ilipatikana, na kwa wingi kuliko kwa binadamu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1941, daktari Fuller Albright wa Boston na wenzake walikuwa wameandika juu ya wanawake ambao mifupa yao ilidhoofika baada ya hedhi kukoma. Katika kuwachunguza aliona jambo la pembeni: ngozi yao ilikuwa nyembamba. Aliandika hivyo akaendelea na mifupa. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Aliyeifanya ngozi kuwa habari kubwa ni mtu mwingine. Mwaka 1966 daktari wa magonjwa ya wanawake wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu kiitwacho Feminine Forever. Kiliuza nakala 100,000 katika miezi michache ya kwanza. Wilson alisema ukomo wa hedhi ni ugonjwa wa upungufu, kama vile kisukari ni upungufu wa insulini, na kwamba mwanamke asiyetibiwa anaanza kuharibika mwili na tabia. Mwanamke anayemeza estrojeni aliahidiwa ngozi laini, matiti imara, na mume asiyechoka naye. Ukisoma vizuri unaona kwamba macho yaliyo kwenye kitabu hicho ni ya mume. Mwanamke anatazamwa, na swali ni kama bado anapendeza kutazamwa.

Kidonge kiliuzika ajabu. Miaka mingi baadaye, 2002, mwana wa Wilson aliliambia gazeti la New York Times kwamba gharama za kitabu kile zililipwa na kampuni iliyotengeneza kidonge. Kufikia hapo mambo mengine yalikuwa yameshatokea. Mwishoni mwa 1975 tafiti mbili zilionyesha kwamba wanawake wanaotumia estrojeni peke yake walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya wengine. Madaktari wakaongeza homoni ya pili ili kuukinga mji wa mimba, biashara ikaendelea. Halafu Julai 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha wanawake 16,608 waliopewa mchanganyiko huo au kidonge kisicho na dawa ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa dawa walipata saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu zaidi ya wenzao. Mamilioni wakatupa vidonge. Baadaye ikaeleweka kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na kwamba anayeanza mapema, karibu na hedhi kukoma, hesabu yake ya faida na hatari ni tofauti. Leo homoni hizo bado zinatumika, hasa kwa joto la ghafla, na daktari humpima kila mwanamke kivyake. Ila hakuna daktari makini atakayekupa kwa sababu ya makunyanzi tu.

Mama yangu hakuwahi kusikia chochote cha hayo. Kidonge kile hakikumfikia, na hofu yake haikumfikia pia. Kilichomfikia ni ile sehemu ya Wilson inayosafiri bila kidonge: wazo kwamba mwanamke wa miaka hamsini ni kitu kinachoharibika na kinapaswa kufunikwa.

*

Sasa nikaanza kujiuliza, ukiweka kando biashara na aibu, ni nini hasa hutokea?

Rudi kwa ile ngozi nyembamba ya Albright. Karibu miaka arobaini ilipita kabla ya mtu kuipima sawasawa. Miaka ya 1980, Mark Brincat, daktari kutoka Malta aliyekuwa akifanya kazi London, yeye na wenzake walipima unene wa ngozi ya wanawake na kiasi cha kolajeni ndani yake. Kolajeni ni zile nyuzi zinazoishikilia ngozi, kama sisali ndani ya kamba. Walichokuta kinatajwa hadi leo: katika miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukoma, karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi hupotea, kisha kama asilimia 2 kila mwaka. Ngozi hupungua kwa saa inayohesabu kutoka hedhi ya mwisho, wala haifuati tu idadi ya miaka uliyozaliwa.

Kutoka hapo mengine yanaeleweka. Seli za ngozi zina vipokezi vya estrojeni, na homoni hiyo ikishuka ngozi hutoa mafuta kidogo, hushindwa kushika maji, huwasha bila upele, na kidonda huchelewa kupona. Mama alikuwa amebadilisha sabuni mara tano akidhani moja wapo inamwasha.

Nywele nazo zina mantiki yake. Mwili wa mwanamke una homoni za kiume pia, kidogo. Estrojeni inapoanguka ghafla, hizo za kiume zinabaki bila mpinzani. Kidevuni zinaotesha nywele nene. Kichwani zinafanya kinyume, nywele za utosini zinakuwa nyembamba na njia ya kati inapanuka. Kwa hivyo kile kibano ndani ya kopo la Vaseline hakikuwa siri ya mtu mmoja. Ni vibano vingapi viko ndani ya mikoba ya wamama kwenye matatu ya kwenda mjini asubuhi? Na kila mmoja anadhani ni yeye tu.

Lakini jambo hili pia liliandikwa zaidi kwa kutazama ngozi nyeupe. Makunyanzi ya Wilson si kilio cha kwanza cha wanawake wetu. Melanini hulinda ngozi nyeusi dhidi ya jua, makunyanzi huchelewa, na kinachokuja mapema ni madoa na mabaka meusi. Hapo ndipo krimu za sokoni zinamkuta mteja. Tunapozungumza juu ya kujichubua tunamfikiria msichana wa miaka ishirini anayetaka weupe. Mama hakutaka weupe. Alitaka uso wake wa rangi moja kama zamani. Krimu ni ile ile, na hatari ya zebaki na haidrokwinoni ni ile ile. Kenya ilipiga marufuku sabuni zenye zebaki mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini nenda soko lolote uone kinachouzwa.

*

Kuna mambo mawili nilisoma usiku mmoja, yakaniamsha kabisa.

La kwanza ni la mwaka 1994. Daktari wa ngozi wa Sydney, Australia, Steven Kossard, aliandika juu ya wanawake sita waliokuwa wamekoma hedhi. Wote walikuwa wakipoteza nywele za mbele kwa namna ya mstari unaorudi nyuma, na ngozi iliyobaki ilikuwa laini, imefifia, haina vinyweleo. Mizizi ya nywele ilikuwa ikishambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, kisha mahali pake panabaki kovu. Kovu haioti nywele. Na wengi wa wanaopata ugonjwa huo hupoteza nyusi pia, mara nyingine nyusi zikitangulia.

La pili ni la 2013. Ncoza Dlova, daktari wa ngozi wa Durban, Afrika Kusini, aliandika kuhusu wagonjwa wake Waafrika wenye tatizo hilo hilo. Aliona kwamba wengi walikuwa na mabaka meusi usoni yaliyotangulia kupotea kwa nywele, akauliza kama mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Na kulikuwa na tatizo jingine, kwamba kwa mwanamke Mwafrika ugonjwa huu ni rahisi kudhaniwa kuwa nywele zilizokatika kwa kusukwa.

Nilisoma mara tatu. Mabaka, halafu nyusi, halafu mstari wa mbele. Nilikuwa nimekaa mita nne kutoka chumba alicholala mtu huyo.

Madhara ya kuvuta nywele ni kweli, usinielewe vibaya. Yaliandikwa tangu 1907, kuhusu wanawake wa Greenland waliofunga nywele kwa nguvu utosini, na yapo Nairobi kila mtaa. Lakini kusuka hakung'oi nyusi. Mtu yeyote angeligundua hilo kama angeuliza swali moja. Hakuna aliyeuliza kwa sababu jibu la kusuka lilikuwa tayari, na lina raha yake: linamlaumu mwanamke mwenyewe. Huo ni mchezo wa zamani hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1968 vijana wa TANU kule Tanzania walitangaza kupiga vita wigi, sketi fupi na krimu za kujichubua, na wasichana wakasumbuliwa mitaani Dar es Salaam. Nywele za mwanamke ni mjadala wa kila mtu. Kila mtu ana maoni juu yake, lakini wachache wanakaa chini kuzitazama.

Mama alikuwa ameenda kliniki mara mbili katika miaka hiyo. Mara ya kwanza aliambiwa ni mawazo mengi. Mara ya pili aliambiwa apumzishe nywele. Katika mara zote mbili, aliniambia baadaye, hakuna aliyemwambia avue kitambaa.

*

Ilichukua miezi mitatu kumshawishi na chama kimoja kumkopesha. Daktari wa ngozi aliyetuona alikuwa mwanamke kama wa umri wake. Alisema, "Mama, naomba uvue." Mama akanitazama kwanza, kama anaomba ruhusa. Halafu akavua wigi, akatoa na kitambaa cha ndani, akafuta nyusi kwa kitambaa chenye maji. Ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso mzima kwa miaka mitano.

Daktari aliinama na kifaa kidogo chenye taa na kioo cha kukuza, akatazama mstari wa mbele sentimita kwa sentimita. Alichukua kipande kidogo cha ngozi kikapelekwa maabara. Majibu yalikuja wiki mbili baadaye, na ni ule ugonjwa wa Kossard. Aliandikiwa dawa ya kupaka na vidonge ambavyo zamani vilitumika kwa malaria, akaambiwa aache ile krimu ya sokoni siku hiyo hiyo. Kisha daktari akasema bila kuzungusha: zilizoenda hazitarudi. Kinachowezekana ni kujaribu kuzuia zilizobaki zisiende. "Ungekuja mabaka yalipoanza," alisema, kisha akanyamaza, kwa sababu aliona sura ya mama.

Kwenye matatu ya kurudi mjini mama hakusema kitu. Nilidhani anahesabu pesa.

"Kwa hivyo sio kusuka?" aliuliza mwishowe.

"Sio kusuka, Mama."

"Miaka hii yote nimekuwa nikimlaumu cucu yako. Kwamba alinivuta."

Tulikuwa tunapita karibu na Uhuru Park. Mama aligeuka akatazama dirishani, akaanza kuniambia habari ambayo hakuwahi kunisimulia. Mwaka 1992 alikuwa na miaka ishirini na miwili, anafanya kazi dukani River Road. Tarehe 28 Februari mwaka huo kina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kufunga kula pale bustanini, wakiwa na Wangari Maathai, wakidai wana wao 52 waachiliwe. Mama alipita kuwaona wakati wa chakula cha mchana, kama watu wengi wa mjini. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na rungu na gesi ya machozi. Wangari alipigwa akazirai. Baadhi ya wale kina mama walivua nguo mbele ya polisi, ambayo katika mila zetu ni laana nzito kuliko rungu. Walihamia kanisa la All Saints wakaendelea, na mwaka 1993 wengi wa wale wana walikuwa wameachiliwa.

"Sikuwepo wakati walivua," mama alisema. "Lakini niliwaona siku ya pili, wamekaa kwa mkeka. Walikuwa wazee, mami. Ngozi zao zilikuwa kama za cucu yako. Sikufikiria hata kidogo kama ni wabaya ama wazuri. Nilifikiria, hawa hawaogopi."

Nimesoma mengi juu ya siku ile, na wasomi husema ni mwili wa mama aliyezaa ndio uliowatisha vijana wale wa polisi. Sawa. Lakini ni mwili ule ule ambao kitabu cha 1966 kiliuita ugonjwa. Hakuna aliyewauliza wenyewe kama ngozi yao inawasha usiku, ama nywele zao zinatoka wapi na kwenda wapi. Kuogopwa si kutunzwa, na kutamaniwa pia si kutunzwa. Katika historia hii yote waliomfaa mama yangu ni wachache, na kazi waliyofanya haina mbwembwe: Albright aliyeandika kwamba ngozi ni nyembamba, Kossard na wanawake wake sita, Dlova aliyeuliza kuhusu mabaka. Walimwambia mwanamke avue kitambaa, wakaangalia.

*

Mama bado anajichora nyusi. Aliniuliza kama nilidhani ataacha, nikasema hapana, akasema vizuri, kwa sababu anapenda uso wenye nyusi. Tofauti ni kwamba siku hizi ananiita niangalie kama zimelingana. Dawa anameza. Mstari wa mbele haujasonga tangu Aprili, tunaupima kwa kidole.

Wigi anavaa akienda kanisani na kwa chama. Nyumbani anakaa kichwa wazi kama cucu.

Jumapili moja mwezi uliopita alikuja na marafiki wawili wa chama. Nilipika chai. Walipomaliza kusema juu ya bei ya maharagwe, mama akamgeukia mmoja wao, mama mwenye mabaka meusi karibu na masikio ambayo nilikuwa nimeyaona tangu aingie. "Huyu mtoto amesoma hayo mambo," alimwambia. "Toa kitambaa, aone."

Yule mama alicheka, akasema, kwani huyu ni daktari? Nikasema hapana, mimi hata chuo sikumaliza. Lakini najua cha kutazama: nyusi, mabaka, na kama ngozi ya mbele inang'aa. Na najua kwamba ukiona hayo unaenda kwa daktari wa ngozi mwaka huu, hungoji mwingine.

Alifikiria kidogo. Halafu akaanza kufungua pini moja moja.